LIKIZO YA ASKARI ISIISHIE KWENYE MADENI

Mke wa askari huishi kwa kalenda tatu. Ya kwanza ni ya mwezi mwandamo, inayompa Ramadhani, Idd na Maulidi. Ya pili ni ya shule za watoto. Ya tatu ni ya kambi, na hiyo haitundikwi ukutani, kwa sababu nyumbani hakuna aijuaye.

Baina ya kalenda hizo ndipo zinapopatikana, au kukosekana, siku chache za baba kukaa na wanawe. Siku hizo ni haba, na aghalabu fedha zake ni haba zaidi. Si ajabu basi kuona askari amekuja likizo kwa furaha na vifijo, akarudi kambini ameacha deni kwa mwenye duka, mke amenuna, na watoto hawakutoka hata kwenda kupunga upepo.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jamaa ya askari, hata mwenye cheo kidogo, inaweza kupata matembezi ya heshima bila ya kukopa. Lakini jambo hilo halianzi siku mume anapobisha hodi. Huanza miezi kumi nyuma, kwa daftari na kalamu.

TANGU ENZI ZA KEYA

Pwani yetu haikuanza jana kutoa askari. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee walikiita Keya, kiliundwa mwaka 1902. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Uhabeshi, Madagascar na hata Burma. Mkewe aliyebaki nyumbani alikuwa na mambo mawili tu ya kushika: barua na subira.

Mnamo Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, jeshi la wanamaji la Kenya lilizinduliwa, na makao yake makuu yako Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Lakini si kila mtoto wa Pwani avaaye sare hukaa karibu na kwao. Wako walio Nairobi, Gilgil na Nanyuki, na wako walio Garissa, Wajir na Mandera.

Tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia, kuagana kumekuwa kuzito zaidi. Mwaka 2012 askari hao waliingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika, na jeshi hilo limebadilisha jina mara mbili, mwaka 2022 na mwaka 2025. Hapa kwetu Lamu nako, msako wa msitu wa Boni ulianza Septemba 2015. Kwa hiyo kuna watoto waliozaliwa na kuanza kusoma huku baba yao wakimjua zaidi kwa sauti ya simu.

Wala tusidhani kwamba aliye mbali ni baba peke yake. Kikosi cha wanawake kilianzishwa jeshini mwaka 1971, kikavunjwa mwaka 1999 na wanawake wakaingizwa katika vikosi pamoja na wanaume. Leo yuko mama ajaye livu, na baba ndiye aliyebaki kuwachana watoto nywele na kuwapeleka chuoni. Tutakayoyasema hapa yanawahusu wote wawili.

FEDHA HUPOTELEA WAPI?

Ukimwuliza askari fedha zake za likizo zimekwenda wapi, atakwambia hajui. Na kweli hajui. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Anapofika, siku ya kwanza ni ya wazazi. Siku ya pili ni ya shangazi na wajomba. Siku ya tatu wanakuja marafiki wa barazani, kila mmoja na salamu zake, na baada ya salamu ndilo ombi. Huyu mtoto wake amefukuzwa shule kwa ada. Yule paa lake limevuja. Mwengine anataka tu cha kununulia miraa. Askari huona haya kusema hapana, maana mtaani inaaminika kwamba mtu wa serikali hakosi.

Hatusemi watu wasisaidie ndugu zao. Kuunga udugu ni ibada, na mkono wa mtu haupaswi kufungwa shingoni. Lakini Kurani hiyohiyo iliyotukataza ubahili imetukataza pia kuukunjua mkono wote, mtu akabaki wa kulaumiwa, hana kitu. Mke na watoto ndio wenye haki ya kwanza katika chumo la mume, kisha wazazi, kisha wengineo.

Dawa yake ni fungu. Kabla ya kupanda gari kuja nyumbani, askari na akae chini atenge fungu la jamaa, liwe kubwa au dogo kwa kadiri ya uwezo wake. Fungu hilo likiisha, limekwisha. Hapo anaweza kumwambia mwombaji kwa uso mkunjufu, "Ndugu yangu, nilichokuwa nacho nimekitoa, niombee heri mwaka ujao." Maneno hayo si uongo, na hayamvunjii mtu heshima.

Baya zaidi kuliko yote ni kukopa kwa ajili ya matembezi. Siku hizi mtu hahitaji kwenda benki. Mkopo unapatikana kwa kubonyeza simu akiwa amelala kitandani. Kwa Mwislamu, mkopo wenye riba una dhambi yake. Hata tukiiweka dhambi kando, hesabu yenyewe haikubali. Matembezi ya siku tano yatalipwa kwa miezi sita, na miezi hiyo sita mume hayupo nyumbani. Anayekabiliana na mwenye duka ni mke. Huko ndiko kukopa harusi na kulipa matanga.

KUCHAGUA WAKATI

Wengi hupenda likizo iangukie Idd, na ni haki yao. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 Idd-ul-Fitr ilikuwa wiki ya pili ya Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Ifikapo mwaka 2028 itakuwa mwishoni mwa Februari, katikati ya muhula wa kwanza wa shule.

Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa ijayo Idd na likizo ndefu za shule hazitakutana. Baba akipata ruhusa ya Idd, watoto watakuwa na siku moja mbili tu za mapumziko. Basi Idd na iwe Idd: nguo mpya, biriani, kuzuru wazee na kuwapeleka watoto uwanjani. Safari ya mbali ingoje wakati wake.

Desemba nayo ina matatizo yake. Shule zimefungwa, ni kweli, lakini nchi nzima iko barabarani. Watu wa bara wanateremka kuja kuogelea kwetu, na wafanyakazi wa bara walioko Mombasa wanapanda kwenda kwao. Nauli za mabasi hupanda pande zote mbili, tikiti za gari la moshi huisha mapema, na vyumba vya wageni hulipwa kwa bei isiyo na huruma.

Kwa jamaa yenye mkoba mwepesi, mwezi wa Agosti unafaa zaidi. Shule huwa zimefungwa, na msukumano wa Desemba haujaanza. Ubaya wake ni kwamba bahari huwa bado ya kusi, yenye mawimbi, na huko bara kuna baridi kali. Yote mawili yanatibika kwa maarifa, kama tutakavyoona.

MATEMBEZI YA MBALI NA YA KARIBU

Kuna dhana kwamba kutembea ni lazima mtu alale hotelini. Dhana hiyo imetoka kwa watalii. Sisi watu wa Pwani tumezungukwa na mambo ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyaona, na wengi wetu hatujawahi kuyatazama.

Chukua matembezi ya siku moja. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikawa jumba la makumbusho mwaka 1962, na mwaka 2011 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Mtoto anayesoma habari za Wareno na Waarabu wa Oman katika kitabu atafahamu zaidi akigusa kuta zenyewe. Ukitoka hapo unashuka Mji wa Kale kwa miguu, milango ya nakshi unaitazama bure, na jioni mnaketi Mama Ngina kutazama meli zikiingia. Feri ya Likoni haimtozi nauli aendaye kwa miguu.

Kaskazini, ukishavuka Mtwapa, yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waislamu uliostawi katika karne ya 14 na 15, wenye misikiti iliyobaki kuta ufuoni mwa bahari. Kusini kuna msitu wa Shimba Hills, Kwale, wenye ndovu na maporomoko ya maji. Na bahari yenyewe ni ya wananchi wote. Hoteli inaweza kuwa na ua na bawabu, lakini ufuo si wake.

Matembezi ya siku mbili au tatu yanaweza kuwa ya Malindi, na njiani mkapitia magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 nayo yaliingizwa katika urithi wa dunia. Aliye na nafasi zaidi anaweza kwenda Lamu, mji uliopewa heshima hiyo tangu mwaka 2001. Basi hukufikisha Mokowe, kisha mnavuka kwa mashua. Safari hiyo ifanywe mchana, na wakati wa kusi mtoto mwenye kutapika apewe chakula chepesi kabla ya kuvuka. Lakini mke na amwulize mumewe kwanza. Askari aliyekesha katika misitu ya Lamu huenda asione raha kurudi huko akiwa na wanawe.

Kuhusu viingilio, makumbusho na mbuga za serikali huwatoza raia ada ndogo kuliko wageni, na malipo hufanywa kwa simu kupitia eCitizen. Chukueni vitambulisho, na mwulize ada kabla ya kutoka, kwa kuwa hubadilishwa. Mfuko wa mahamri, mbaazi iliyofungwa vizuri na chupa za maji ya nyumbani vitaokoa fedha nyingi kuliko mnavyodhani. Ni chakula cha njiani kinachomaliza mkoba, si nauli.

WATOTO WAKIMFUATA BABA

Iko njia nyengine ambayo wengi hawaifikirii. Badala ya kumngoja baba aje, jamaa humfuata alipo. Askari aliye Nairobi anaweza kukosa livu ya wiki tatu, lakini akapata ruhusa ya siku chache za mwisho wa wiki. Siku ambazo angezimaliza njiani kuja na kurudi Mombasa, anazitumia pamoja na watoto wake.

Tangu gari la moshi la reli mpya lilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017, safari ya Mombasa hadi Nairobi imekuwa ya saa chache. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mtoto wa umri wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipiwi.

Natuchukue mfano wa kubuni wa mama na watoto watatu, wa miaka 13, 9 na 2. Mama atalipa 1,500, mtoto mkubwa 1,500, wa kati 750, na mdogo bure. Jumla ni shilingi 3,750 kwenda, na kwenda na kurudi ni 7,500. Wako wasiopenda mke asafiri peke yake bila ya maharimu. Hao na waongeze 3,000 za ndugu wa kufuatana nao, tena waziongeze mapema, sio siku ya safari.

Nairobi kuna mengi ya kuonyesha watoto. Msikiti wa Jamia, uliokamilishwa mwaka 1933, uko katikati ya mji. Jumba la makumbusho ya reli lilifunguliwa mwaka 1971. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imepakana na mji wenyewe. Hata kabla ya kufika, gari la moshi hupita Tsavo, na mtoto aliye dirishani anaweza kuwaona ndovu bila ya kiingilio.

Kambi, lakini, si nyumba ya wageni. Mtu haingii humo bila ruhusa, wala hapigi picha langoni. Ni bora kufikia kwa ndugu au rafiki mwenye nafasi. Na hapo tukumbuke mila zetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayefikia kwa watu na achukue zawadi ya Pwani, kama nazi, achari au halua, na achangie chakula tangu siku ya kwanza. Mwenyeji aliyechangiwa hatachoka kukukaribisha tena.

Jambo jingine ni baridi. Watoto wetu hawana sweta, na mama akifika Nairobi mwezi wa Agosti atalazimika kununua kwa bei yoyote atakayotajiwa. Anunue mitumba Kongowea mapema, moja mwezi huu na nyengine mwezi ujao. Na asiwanunulie nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi, kwa kudhani kwamba wanampamba baba. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare hizo.

DAFTARI LA SHILINGI 30,000

Sasa tuifanye hesabu nzima ya jamaa yetu ya mfano kwa safari hiyo ya siku tano. Bei za sokoni hubadilika, kwa hivyo kila nyumba itaweka makadirio yake. Mafungu ndiyo yasiyobadilika.

Nauli ya gari la moshi, kwenda na kurudi: 7,500.

Matatu za kwenda na kutoka stesheni, na za mjini: 3,000. Fungu hili husahauliwa sana. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, na ya Nairobi iko Syokimau, zote mbali na mji.

Chakula, siku tano kwa 1,500: 7,500.

Viingilio vya makumbusho na mbuga: 3,000.

Zawadi na mchango kwa mwenyeji: 3,500.

Dharura, yaani homa ya mtoto au gari kuharibika: 3,000.

Akiba ya kurudia nyumbani: 2,500.

Jumla ni shilingi 30,000. Ukigawanya kwa miezi kumi ni 3,000 kwa mwezi, na ukigawanya kwa siku ni kama shilingi 100. Kuna nyumba ambazo kiasi hicho hutoka kila siku kwa soda na muda wa maongezi ya simu bila ya mtu kushtuka.

Msomaji aangalie mafungu mawili ya mwisho. La dharura ni sehemu moja katika kumi, na lisipotumika linarudi katika akiba ya mwaka ujao. La kurudia nyumbani ni la unga, mchele na mafuta ya wiki ya kwanza. Hakuna kinachoharibu utamu wa safari kama kufungua mlango na kukuta jikoni hakuna kitu.

Kwa asiyeweza 30,000, hesabu ni ile ile, ila safari inafupishwa. Kwa shilingi 800 kwa mwezi, miezi kumi huleta 8,000. Hizo zinatosha jamaa kufanya matembezi mawili ya siku moja hapa Pwani, wakila vyao.

KUWEKA BILA KUIGUSA

Kuweka fedha nyumbani ni mtihani, maana huonekana. Kina mama wetu wanajua njia yao ya zamani, nayo ni mchezo. Wanawake kumi wakichangishana 3,000 kila mwezi, kila mmoja hupata kitita cha 30,000 mara moja. Aliye na safari ya Agosti na aombe zamu ya Julai tangu siku ya kuanza. Katika mchezo hakuna riba, na haya ya kukosa kulipa mbele ya wenzako humlinda mtu kuliko kufuli. Sharti ni moja, wawe watu mnaojuana kwa uaminifu.

Apendaye benki naye hana udhuru. Mwaka 2008 yalifunguliwa nchini mabenki mawili ya kwanza yanayofuata sheria ya Kiislamu kikamilifu, na baada ya hapo mabenki mengine ya kawaida yameweka milango ya namna hiyo. Askari anaweza kuagiza sehemu ya mshahara ikatwe na kwenda huko kabla hajaiona. Kisichoonekana hakiliwi.

IKIWA LIKIZO ITAVUNJIKA

Hapa ndipo safari ya askari inapotofautiana na ya mwalimu au karani. Karani akiandikiwa likizo, amepewa. Askari hupata likizo kazi ikiruhusu, na anaweza kuitwa arudi. Kwa sababu hiyo jamaa yake haina budi kuwa na mipango miwili.

Mpango wa kwanza ni wa baba akiwapo. Wa pili ni wa baba akikosekana, nao uwe mdogo lakini uwe kweli. Baba akizuiwa, mama na watoto waende Gede au Fort Jesus siku moja, na fedha nyingine zingoje. Watoto wasifundishwe kwamba kazi ya baba kila mara huwanyang'anya furaha, kwani mtoto aliyefunzwa hivyo huichukia kazi hiyo, na mwisho humchukia mwenyewe.

Asilipe mtu chumba au usafiri ambao hawezi kurudishiwa fedha zake. Aulize mapema: tukiahirisha, mtatufanyia nini? Na watoto waambiwe safari ikiwa imekaribia, siyo miezi mitatu mbele. Neno Inshallah lina uzito wake hapo. Lisitamkwe kama njia ya kukwepa, bali kama lilivyo, kwamba sisi tumepanga na Mungu ndiye mwenye kujaalia.

Tena mipango hiyo ibaki nyumbani. Siku hizi watu huandika kila kitu katika simu: fulani amekuja, anarudi kambi fulani siku fulani. Kwa jamaa ya askari hilo si jambo la kuchezea.

ASKARI NAYE NI MTU

Katika kupanga huku kote, wake zetu wasisahau kwamba aliyekuja anahitaji usingizi. Ametoka pahali ambapo kila sauti ilikuwa na maana. Siku mbili tatu za kwanza na aachwe alale, ale, asali msikiti wa mtaani, anyamaze akitaka. Matembezi yapangwe katikati ya likizo, na siku za mwisho ziwe za nyumbani tena, ili asiagane na wanawe wakiwa wamechoka kwa njia.

Kuna wanaorudi wamebadilika. Hukasirika haraka, au hukaa peke yao usiku. Matembezi hayatibu jambo hilo, ingawa huweza kulipunguza. Likizidi, daktari atafutwe, na sheikh wa kumliwaza aje pia, bila ya mmoja kumkataa mwenzake.

Kwa upande wa ibada, msafiri ana rukhusa zake, nazo hupunguza uzito wa safari. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, mwenye safari ndefu hupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na huweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Malindi kutoka Mombasa ni mwendo wa kutosha, Kwale sio. Lakini anayenuia kukaa pahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huyo ni mkaazi na husali kamili. Watoto wafundishwe hayo njiani, maana somo la safari hukaa kichwani.

Hatimaye tusiwasahau wale ambao mtu wao hatakuja tena. Januari 2016 kule El Adde, na Januari 2017 kule Kulbiyow, nchi ilipoteza vijana wengi. Watoto wao wanawaona wenzao wakipokewa na baba zao. Jamaa inayokwenda ufuoni siku moja haitashindwa kumchukua yatima mmoja wa jirani. Sahani yake ya pilau haitaizidi bajeti ya mtu, na thawabu zake hazina daftari la kutosha kuziandika.

Shilingi 100 za leo hazionekani kuwa safari. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kikijaa, askari atakuwa na jambo la kukumbuka akiwa zamuni usiku, na mkewe atapita mbele ya duka bila ya kujifunika uso.